Mstari wa Mgeni

Jumatatu, 9 Septemba

Siku ya 20 bila kuruka. Mawingu mapande mapande, kama futi elfu tatu juu ya kilima cha kanisa. Upepo wa mashariki, mwepesi. Mwonekano mzuri. Ndege hakuna.

Nimenunua kaunta buku hili kwa sababu kitabu changu cha saa za kuruka hakina cha kuandikwa, na mkono uliozoea kuandika kila jioni unaniwasha. Atakayeliokota ajue hivi: naitwa Deodata, nina miaka ishirini na tisa, ni rubani, na kwa sasa ninalima maharage ya mama yangu hapa Ngara. Kampuni niliyokuwa nikiirushia ndege Mwanza ilifunga milango mwezi wa nane. Nimepata kazi nyingine nje, ya kurusha Karavani, ile ndege ndogo ya injini moja, kupeleka watalii porini. Nchi yenyewe siitaji. Mama anasema safari ikitajwa kabla ya miguu kuinuka, huoza. Mimi siamini mambo hayo. Lakini siitaji.

Kimebaki kitu kimoja tu, viza ya kazi. Nilimwambia hivyo kaka yangu Wiston kwenye simu, naye akacheka mpaka akakohoa. Wiston anaziba matairi ya malori pale Lusahunga, madereva wanaokwama kwa sababu ya karatasi anawaona kila siku.

Alhamisi, 12 Septemba

Siku ya 23. Mawingu mazito, mvua haijaamua.

Mama wa ajira wa ile kampuni, anaitwa Joan, ametuma orodha. Nimeisoma juu ya kilima cha kanisa, ndipo mtandao unapokaa. Leseni yangu ithibitishwe na mamlaka iliyoitoa. Cheti cha afya cha urubani kiwe hai, na changu kinakwisha tarehe 30 Novemba. Cheti cha polisi. Niwe nimeruka ndani ya siku tisini, la sivyo nipimwe upya. Na cheti cha kuzaliwa halisi, kiapo hawataki. Vyote vimfikie kabla ya tarehe 10 Desemba, maana kundi la marubani wapya linaanza Januari.

Cheti cha kuzaliwa sina. Hapa kijijini wa umri wangu tulio nacho ni wachache. Tulianza shule kwa kadi ya ubatizo, na pasipoti nilipewa kwa kiapo cha marehemu baba. Nimeruka saa elfu moja mia mbili na kumi, nimetua kwenye viwanja vyenye pundamilia, na hakuna aliyewahi kuniuliza nilizaliwa wapi.

Jumatano, 18 Septemba

Siku ya 29. Mvua imenyesha, tumepanda.

Mama anatangulia na jembe, mimi nafuata na mbegu. Mama yangu ni Bonifasia, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa kwa miaka kumi na minne, mtu ambaye hata kuku wake hawaingii shamba la jirani. Mstari wa mwisho, ule wa kando ya migomba, ameuacha peke yake kama kila mwaka. Ni mstari wa mgeni. Hauliwi hapa nyumbani. Tangu nina akili, maharage yake hupelekwa kanisani tarehe 28 Desemba, sikukuu ya Watoto Mashahidi, yamefungwa kwenye kitenge, na siku hiyo mama hatii kitu mdomoni hadi jioni. Tukiwa wadogo tulimwuliza mgeni ni nani. Alisema mgeni ni mgeni. Wiston aliwahi kuchuma kiganja kimoja akakaanga, akachapwa, na mama si mtu wa fimbo.

Maharage nayo ni siku tisini. Tutaona nani atatangulia.

Jumatano, 25 Septemba

Siku ya 36. Polisi, alama za vidole. Vidole vimekataa. Afande amevipaka wino mara nne, kila mara linatoka doa. Malengelenge ya jembe. Ameniambia nipumzishe mikono wiki mbili. Nimemweleza mama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nirudi, akaninyang'anya jembe.

Jumatano, 2 Oktoba

Siku ya 43. Mvua. Sikufanya kitu. Hata hicho kimenichosha.

Alhamisi, 10 Oktoba

Siku ya 51. Mawingu chini kabisa, kilima cha kanisa hakionekani.

Vidole vimekubali. Hiyo ndiyo habari njema, niimalize haraka.

Kadi yangu ya ubatizo ililiwa na mchwa zamani, kwa hiyo parokiani wamenitolea cheti kipya kutoka kitabu kikubwa. Nimekipeleka ofisini mjini Ngara bila kukisoma. Nani husoma cheti chake cha ubatizo? Karani wa vizazi, dada mmoja anaitwa Irine, mpole, macho mekundu kwa kuchoka, yeye amekisoma. Amekigeuza, akaniwekea kidole sehemu ya maelezo. Padri aliyenibatiza aliandika: amezaliwa hospitali ya kambi ya wakimbizi.

Asiyetoka huku nimweleze. Mwaka 1994 na ule uliofuata, wakimbizi wa vita vya majirani walijaa hapa kwetu mpaka kambi ikawa kubwa kuliko miji mingi niliyotua. Ilikuwa na hospitali yake, geti lake na kadi zake. Nimezaliwa Aprili 1995, Jumapili, hayo yanajulikana. Lakini mama amesema siku zote kwamba nilizaliwa nyumbani.

Irine hakunipigia kelele. Amesema waliozaliwa mle waliandikwa kuwa ni watoto wa wakimbizi, na fomu yangu inasema wazazi ni wenyeji wa hapa. Hawezi kugonga muhuri juu ya karatasi mbili zinazogombana. Kama padri alikosea, nimlete mama aseme. Nimemwuliza kama hili linaweza kufika mpaka kwenye pasipoti yangu. Amesema tusifike huko.

Mama amesikiliza yote huku akimenya ndizi. Amesema padri yule alikuwa mgeni, sikio lake zito, aliandika alichotaka. Ofisini haendi. Magoti.

Alhamisi, 17 Oktoba

Siku ya 58. Mvua asubuhi, jua la kuunguza mchana.

Magoti yanayokataa kwenda ofisini yamekwenda misa ya asubuhi, yamepalilia mistari sita na kupanda kwa mgonjwa kule juu. Nimemwambia hivyo. Sikumwambia kwa adabu. Amenijibu kwamba amenizaa pale pale kwenye migomba, bibi akakata kitovu, na kama karatasi ya mzungu aliyekufa ina nguvu kuliko mdomo wake, basi nikaolewe na karatasi.

Nimekasirika mchana kutwa. Zaidi nimemkasirikia padri. Mtu anabatiza watoto arobaini kwa asubuhi moja, wote wanalia, anaandika lolote, kisha anakufa na kuniachia mimi. Nimejikuta nikimsema vibaya marehemu wakati wa rozari.

Alhamisi, 24 Oktoba

Siku ya 65. Barua ya kuthibitisha leseni imetoka. Joan ameandika "vizuri sana" na kuuliza cheti cha kuzaliwa. Nimejibu kiko njiani. Njia gani, sijui.

Irine amenifungulia mlango mwembamba: nikipata mtu aliyefanya kazi hospitali ya kambini, aandike barua kwamba sikuzaliwa mle, ataichukua. Wiston ameulizia huko kwa wateja wake. Kuna tabibu mstaafu, Mzee Ansbert, anaishi Biharamulo chini ya boma la Wajerumani. Ndiye aliyekuwa wodi ya wazazi.

Mama nimemwambia nakwenda kumsalimu Wiston.

Jumanne, 5 Novemba

Siku ya 77. Nimelala kwa Wiston, Lusahunga. Malori yananguruma chini ya dirisha, injini zinawashwa kupashwa moto, na mimi nimezisikiliza moja moja kwa wivu. Wiston ameniuliza kama nikikosa kazi hii nitabaki kijijini. Nimemwambia asinitajie.

Jumatano, 6 Novemba

Siku ya 78. Mvua kubwa, Nyakahura hadi nyumbani. Sijui niandike kwa mpangilio gani. Nitaandika kama ilivyotokea.

Mzee Ansbert nimemkuta barazani anachambua mchele. Nimempa shikamoo, nimekaa, nimemweleza shida yangu yote kuanzia viza. Amefurahi kusikia mimi ni rubani, akauliza kama kweli mawingu yana mashimo. Kisha nimemwomba karatasi: aandike kwamba tarehe 2 Aprili 1995 hakuna mama anayeitwa Bonifasia aliyejifungulia kwake. Amesema hiyo ni rahisi, maana siku hiyo anaikumbuka. Ilikuwa Jumapili, mvua, na alizalisha mmoja tu aliyetanguliza matako. Watoto wa namna hiyo yeye hawasahau, walikuwa kumi na saba miaka yote ile. Mama yake aliitwa Keza, mkimbizi. Mtoto alikwama, akamvuta, mfupa wa bega ukavunjika mkononi mwake.

Kila mwaka daktari wa marubani kule Dar es Salaam hunipapasa bega la kushoto na kuuliza mfupa huu ulivunjikaje. Kila mwaka naandika: nilianguka utotoni. Mama ndiye aliyeniambia hivyo.

Sikutaka mkono wangu uende begani. Umekwenda. Mzee akaacha mchele, akaniangalia, akauliza ni la kushoto. Nikasema ndiyo, la kushoto.

"Basi nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilikuwa na haraka, ulikuwa unakuwa wa bluu."

Nimemwambia mama yangu siyo Keza. Sura ya mama ninayo, kijiji kizima kinasema. Amekubali kwa kichwa. Amesema usiku wa mvua getini waliangalia kadi na tumbo, uso hakuna aliyeuangalia. Nikauliza huyo Keza alikwenda wapi. Hapo mzee akarudia mchele wake. Alisema Keza mwenyewe alikuja getini mwezi wa tano na kadi ile ile, na ya mwezi wa tano yeye hayasemi. Nimwulize mama.

Saa tisa nilikuwa nyumbani, nimelowa. Mama alikuwa jikoni, anapepea moto. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Lusahunga, makali, yamenyooka. Yote yakapotea. Nikasema tu: "Nimetoka Biharamulo. Nani ni Keza?"

Alikaa chini. Hakukaa kwenye kigoda, alikaa chini kwenye majivu. Nikaogopa.

Haya ndiyo aliyoyasema, mengine akiyarudia mara mbili. Keza alikuwa akitoka kambini kuja kumlimia. Hela haikuwepo kwa mtu yeyote, malipo yalikuwa mstari: unalima shamba, mstari mmoja wa maharage unakuwa wako mpaka uvune. Wa kwake ulikuwa wa kando ya migomba. Wote wawili walikuwa wajawazito, mama akiwa mbele kwa wiki chache. Walikuwa wakicheka kwamba watoto watakuwa mapacha wa shamba moja. Uchungu ukamshika mama Ijumaa. Ikaingia Jumapili mtoto hajatoka, baba yuko safarini, bibi ameshakata tamaa, gari la kwenda hospitali ya wilaya hakuna, mvua. Hospitali ya kambi ilikuwa kule ng'ambo ya bonde, lakini jioni wanaingia wenye kadi tu. Keza akafungua kilemba chake, akatoa kadi, akamtia mama kiganjani. Mama anasema hakuomba. Lakini hakukataa.

Wakamzalisha. Wakaitoboa kadi tundu la aliyejifungua. Mimi nikaja nyumbani na bega langu.

Wiki tano baadaye Keza akashikwa na uchungu. Getini wakaona tundu. Wakati ule kadi zilikuwa zinauzwa, walinzi walishachoka kudanganywa. Wakamwambia ameshazaa, akae pembeni mpaka asubuhi ofisi ifunguliwe. Akajifungulia kwenye uzio, kwenye mvua. Mtoto alikuwa wa kike. Hakufika asubuhi.

"Walimwuliza nani aliitumia kadi," mama alisema. "Siku mbili walimwuliza. Hakunitaja."

Nilidhani amemaliza. Hakuwa amemaliza. Keza alirudi shambani, akalima kama kawaida, hakusema neno, na mama naye hakusema. Desemba ya mwaka uliofuata wakimbizi wakarudishwa kwao. Walipita barabarani kwa maelfu, siku baada ya siku, na tarehe 28 mama akamwona Keza kwenye msafara, godoro kichwani. Maharage yake yalikuwa yameshavunwa, yamefungwa kwenye kitenge, yako mkononi mwa mama, na mimi mgongoni. Ilikuwa hatua kama thelathini.

"Nilisimama kwenye migomba," alisema. "Sikutoka. Nilimwangalia mpaka akapotea."

Moto ulikuwa umezimika. Nimeuwasha tena.

Jumamosi, 9 Novemba

Siku ya 81. Hatusemeshani sana. Hasira ninayo, sikatai. Si kwa sababu ya kadi. Ningekuwa mimi ningeichukua, na kama asingeichukua nisingekuwepo kununa. Nakasirika kwamba ameniacha nizunguke mwezi mzima nikimtukana padri, ambaye alikuwa mtu pekee aliyeandika ukweli. Padri, nisamehe.

Na nakasirika kwamba nilimwona mama kama ukuta, kumbe ni mtu aliyesimama kwenye migomba miaka ishirini na minane.

Jumatatu, 18 Novemba

Siku ya 90. Anga safi. Ndege moja imepita juu sana kuelekea magharibi. Kuanzia kesho mimi si rubani aliyeruka karibuni.

Alhamisi, 21 Novemba

Siku ya 93. Mawingu machache. Senene wameanza.

Nilikwenda kwa Irine kuuliza, kwa kuzungukazunguka, ingekuwaje kama mtu alizaliwa kambini kwa kadi ya mwenzake. Akasema mama aape mbele ya hakimu, kwa jina lake, aseme yote, na waje wazee wawili wanaomjua waseme ni kweli yeye ni wa hapa na mtoto ni wake. Basi nikajua imekwisha. Wazee wanaomjua ni jumuiya. Nilimweleza mama jinsi ilivyo, nikamwambia asijali, nitatafuta kazi nyingine hapa hapa nchini. Sikuwa na kazi nyingine akilini. Alinijibu chumvi imekwisha.

Leo jumuiya imesali kwetu. Baada ya Injili, mahali anapoombwa mwenye neno la kusema aseme, mama amesimama na kusema yeye analo. Alianza na kadi. Alisema ameidanganya serikali na wazungu, akatumia kadi ya mkimbizi kujifungua, na Deodata amekwama kwa ajili hiyo. Kisha Mama Priscila, jirani yetu wa juu, mwenye miaka themanini, akasema kadi nani hakuwa nayo, yeye alikuwa nazo mbili na moja ilikuwa ya mwanamume. Nyumba nzima ikacheka. Kumbe walikuwa wamekula mahindi ya kambi wote, na Tomasi, katibu wetu, aliezeka nyumba kwa mabati aliyonunua kwa kuuza mafuta ya kambi.

Mama hakukaa. Aliwaacha wacheke mpaka wakamaliza. Kisha akasema la Keza, na la uzio, na la migomba. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ya kutangaza zamu za kufagia kanisa. Hakuna aliyecheka tena. Hakuna aliyesema pole. Mama Priscila aliangalia mikono yake. Walifunga bila wimbo, wakatoka mmoja mmoja, na chai tuliyopika ikabaki.

Mama ameosha vikombe visivyotumika.

Ijumaa, 22 Novemba

Siku ya 94. Alfajiri wamekuja Mama Priscila na Tomasi, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Wanauliza basi la Ngara linapita saa ngapi.

Jumamosi, 30 Novemba

Siku ya 102. Cheti cha afya kimekwisha leo. Sijisikii ugonjwa wowote.

Jumanne, 3 Desemba

Siku ya 105. Manyunyu.

Mara ya kwanza hakimu hakuwepo. Mara ya pili muhuri haukuwepo. Leo vyote vilikuwepo. Mama ameapa, Tomasi na Mama Priscila wametia sahihi, Mama Priscila kwa dole gumba. Halafu tumepanda kwa Irine. Amesoma kiapo mara mbili, polepole, hakunyanyua uso. Kulikuwa na nafasi ya kujaza uhusiano wa mwapaji na mwenye kadi. Akamwuliza mama huyo Keza alikuwa nani kwake.

"Mwenye mstari," mama alisema.

Irine hakuelewa. Aliandika rafiki. Mama aliomba asomewe kilichoandikwa, akasomewa, akasema neno hilo hakulistahili lakini liachwe.

Alhamisi, 12 Desemba

Siku ya 114. Cheti cha kuzaliwa kimetoka. Kijani, kizito, muhuri mkavu. Mahali pa kuzaliwa: hospitali ya kambi ya wakimbizi, Ngara. Mama: Bonifasia. Nimepanda kilimani mbio na kukituma kwa Joan. Nimechelewa siku mbili. Siku mbili, kwenye dunia ya watu wenye utu, si kitu.

Alhamisi, 19 Desemba

Siku ya 121. Maharage yamekauka, tumeanza kung'oa.

Joan amejibu. Ameandika kwa upole, na ndio ulioniumiza zaidi. Nafasi amepewa rubani mwingine aliyekamilisha mapema. Naweza kuomba tena kundi la Aprili. Nitahitaji cheti kipya cha afya, cheti kipya cha polisi maana cha zamani kitakuwa kimepitwa, barua mpya ya leseni, na kuruka upya mbele ya mkaguzi. Cheti cha kuzaliwa hakina tatizo.

Nimeketi juu ya jiwe la kilima cha kanisa hadi nikasikia baridi. Nilipotelemka mama aliuliza kama wamejibu. Nikasema bado.

Jumamosi, 21 Desemba

Siku ya 123. Jua.

Siku mbili nimesema bado. Leo tukipura maharage nimejisikia nikilisema kwa mara ya tano, na nikaona jinsi lilivyo jepesi. Unalisema mara moja, kesho linajisema lenyewe, na baada ya miaka ishirini na minane unalipandia mstari. Nikaacha fimbo. Nikamwambia yote, kundi la Januari, la Aprili, kila karatasi.

Aliendelea kupura. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Kwa hiyo nimesema bure?"

Nikaiokota fimbo, maana uongo nilikuwa nimeshauchoka. Tumepura mpaka jua limezama. Wa mgeni tumeupura peke yake, kwenye mkeka wake.

Jumamosi, 28 Desemba

Siku ya 130. Anga safi, hakuna wingu. Upepo hakuna.

Wiston amekuja na basi la kwanza. Misa ilikuwa saa moja. Padri alisoma nia za misa: ya mtu aliyefaulu mtihani, ya wafu wa ukoo fulani, kisha akasoma, kumwombea mtoto wa Keza, aliyezaliwa na kufa Mei 1995, anaombewa na Bonifasia na jumuiya. Na jumuiya. Mama hakujua waliongeza. Mama Priscila aliyeketi mbele yetu hakugeuka nyuma, ila nilimwona shingo imeinama.

Mama hakuwa na kitenge cha maharage mkononi. Nilidhani amesahau, nikataka kurudi kuyafuata, Wiston akanivuta mkono.

Yalikuwa jikoni. Alikuwa ameyaloweka tangu jana. Tuliporudi aliyabandika, akayapika mchana kutwa bila kusaidiwa, kwa kitunguu na mafuta kidogo. Saa tisa alipakua sahani tatu, akaweka ya nne katikati, akaijaza, haina mtu. Akakaa. Wiston, mtu mzima, baba wa watoto wawili, alikuwa anayaangalia yale maharage na kumwangalia mama, kama anayengoja fimbo.

Mama alianza yeye. Alitafuna muda mrefu.

"Ni matamu," alisema. "Miaka yote hii, sikujua."

Ndipo tukala. Baadaye aliniambia nipande kilimani nikawaandikie wale watu wa Aprili kabla mtandao haujachoka. Nimewaandikia. Kwenye fomu nimejaza nilikozaliwa kama ilivyoandikwa, na kwenye majeraha ya zamani nimefuta lile la kuanguka, nikaandika bega la kushoto, wakati wa kuzaliwa.

Nimerudi nimekuta sahani ya nne imefunikwa. Sikuigusa. Kwenye sufuria yalikuwa yamebaki, nikaongeza.